Fomu isiyopotea mtandao ukikata: Ajax na viunzi vyake, kutoka Ngara hadi Biharamulo

Mwaka juzi, nikiwa kwenye kazi ya utafiti wa shahada yangu, nilikaa siku mbili kwenye zahanati moja wilayani Ngara. Jina silitaji. Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi, yaani ule wakati wa kufunga ripoti. Mganga mfawidhi, mama wa makamo, alikuwa ameshajumlisha vitabu vyake vya MTUHA kwa kalamu na kikokotoo cha simu. Akaniambia, "Mwanangu, wewe si umesoma kompyuta? Kaa hapa unisaidie kuingiza."

Tukakaa. Mfumo wenyewe ulikuwa wa majaribio, fomu moja ndefu yenye masanduku 180 hivi. Yeye anasoma namba, mimi naandika. Saa nzima. Tukafika mwisho, nikabofya "Tuma". Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, halafu ukurasa ukawa mweupe. Nikarudi nyuma: fomu tupu. Mtandao ulikuwa umekata katikati, basi.

Mama hakukasirika. Alifunga tu kitabu chake taratibu, akasema, "Kitabu changu hakijawahi kunifanyia hivi."

Hiyo sentensi imenikaa kichwani mpaka leo. Makala hii ni jaribio la kuijibu. Nitaeleza kwa nini fomu ile ilipotea, teknolojia inayoitwa Ajax inabadilisha nini, viunzi vya upande wa kivinjari vina kazi gani, na kwa nini hivyo vyote bado havitoshi usipofikiria kwanza mtu aliyeko Rulenge au Nyakahura mwenye modemu ya simu na bando la siku.

Kwanza, kwa nini namba hizi ni muhimu?

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba homa ya Marburg imethibitishwa wilayani Biharamulo. Mlipuko ule ulitangazwa kuisha tarehe 13 Machi 2025. Kabla ya hapo, mwaka 2023, Kagera hiyo hiyo ilipata mlipuko mwingine wa Marburg upande wa Bukoba Vijijini.

Ugonjwa wa namna hiyo hausubiri ripoti ya mwezi. Taarifa ya dharura ina njia yake, na hata simu ya kitochi inaweza kuituma kwa kubonyeza nyota na reli, bila intaneti. Lakini jiulize: mtu wa wilayani anajuaje kwamba homa kumi na tano kwenye kijiji fulani si kawaida? Anajua kwa sababu ana namba za miezi iliyopita. Ripoti ya kila mwezi inayoonekana ya kuchosha ndiyo inayomwambia "hapa kawaida ni nne au tano". Mwezi ukikosekana, kuna shimo. Mashimo yakiwa mengi, hujui tena kawaida ni ipi, na usipojua kawaida huwezi kuliona lisilo la kawaida.

Kwa hiyo fomu inayopotea haimli mama muda wake tu. Inatoboa kumbukumbu ya wilaya nzima.

Ukurasa wa zamani ulivyofanya kazi

Tovuti za mwanzo zilifanya kazi kama barua. Kivinjari kinatuma ombi kwa seva, seva inaandika ukurasa mzima na kuutuma, kivinjari kinauonyesha. Ukibofya kitu, ukurasa uliopo unatupwa na mwingine mzima unaombwa. Hata kama kilichobadilika ni namba moja tu, vichwa, picha, menyu na rangi vyote vinachorwa upya.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Kati ya kubofya na kujibiwa, wewe unasubiri tu. Na namba ulizoandika ziko wapi muda huo? Ziko kwenye ukurasa ambao uko njiani kutupwa. Jibu likifika salama, sawa. Lisipofika, umebaki na ukurasa mweupe kama sisi siku ile.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Mtandao kukata ni jambo la kawaida. Kosa lilikuwa la aliyejenga fomu: alipanga kazi ya saa nzima itegemee sekunde chache za mwisho.

Ajax ni nini hasa?

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Microsoft walihitaji barua pepe inayosomeka kwenye kivinjari bila ukurasa kupakiwa upya kila mara. Wakaweka ndani ya Internet Explorer 5, mwaka 1999, kifaa kidogo ambacho kwa majina ya leo kinaitwa XMLHttpRequest. Kazi yake ni moja: kuiruhusu JavaScript, lugha inayoishi ndani ya kivinjari, itume ombi kwa seva kimyakimya na kupokea jibu huku ukurasa ukibaki palepale.

Kifaa kilikuwepo miaka kadhaa bila watu wengi kukijali. Gmail ilipotoka Aprili 2004 na Google Maps Februari 2005, watu wakashangaa: ramani unaivuta kwa kidole cha panya na vipande vipya vinajitokeza vyenyewe! Mwezi huohuo wa Februari 2005 Jesse James Garrett aliandika makala akaipa njia hii jina: Ajax. Herufi ya kwanza inasimamia wazo la kutosubiri, yaani ombi linaondoka na kazi nyingine inaendelea. Herufi ya mwisho inasimamia XML, namna ya kuandika data. Leo XML imetumika kidogo sana hapo, nafasi yake imechukuliwa na JSON, ila jina limebaki.

Mfano wa mtaani. Una duka Ngara mjini. Mteja anataka kiberiti ambacho kimeisha, ila kipo kwa jamaa yako Kabanga. Njia ya zamani ni kufunga duka, kupakia bidhaa zote, kwenda Kabanga, na kurudi na duka zima likiwa na kiberiti ndani yake. Ajax ni kumtuma bodaboda akalete kiberiti, wewe unaendelea kuhudumia wengine. Bodaboda akipata pancha njiani, duka bado liko wazi.

Tuone kwa namba

Sanduku moja la fomu ya mama, likitumwa kwa Ajax, linaweza kusafiri likiwa hivi:

{"kituo":"Z-07","mwezi":"2024-10","seli":"malaria-chini-5","thamani":14}

Hesabu: ni herufi 72, hata nusu ya ujumbe mfupi wa simu haujafika. Ukiongeza bahasha na anwani zake, tuseme kilobaiti 1.

Sasa chukulia mtandao dhaifu wa kilobiti 100 kwa sekunde, na fomu iliyogawanywa kurasa 9, kila ukurasa kilobaiti 400. Kilobaiti 400 ni kilobiti 3,200, kwa hiyo kila ukurasa unachukua sekunde 32. Kurasa 9 ni sekunde 288, karibu dakika 5 za kutazama kiduara, na bando limekwenda megabaiti 3.6.

Kwa Ajax, tuseme programu yenyewe ni kilobaiti 600, inapakiwa mara moja kwa sekunde 48. Baada ya hapo masanduku 180 ni kilobaiti 180, jumla sekunde 14 na kitu, tena zimetawanyika nyuma ya pazia wakati unaandika. Jumla kilobaiti 780. Mwezi ujao programu iko tayari kwenye kompyuta, unalipia zile 180 tu.

Lakini tuwe wakweli. Fomu yetu ya siku ile haikuwa na kurasa 9, ilikuwa ukurasa mmoja mrefu unaotumwa mara moja. Kwa bando peke yake, ile ya zamani ilikuwa nafuu kuliko Ajax! Wanafunzi wengi wanasahau hili, wanaambiwa Ajax inaokoa data wanaamini kila mahali. Swali la maana zaidi ni hili: mtandao ukikata sasa hivi, napoteza nini? Kwa fomu ya mama jibu lilikuwa masanduku 180. Kwa Ajax, ambapo kila sanduku linatumwa ukishaliacha, jibu ni sanduku moja.

Na kiunzi kinaingia wapi?

Nyumba ya udongo haianzi na udongo. Unasimamisha nguzo, unafunga fito, halafu ndipo unakandika. Kiunzi cha programu ni zile fito: msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, unaokupa umbo, wewe unajaza yako.

Kwa nini tukihitaji? Ukurasa ukishaacha kupakiwa upya, mzigo wote unahamia kwenye kivinjari. Mama akibadilisha malaria ya watoto kutoka 14 kuwa 15, jumla ya chini lazima ibadilike, asilimia ibadilike, alama ya "hakijahifadhiwa" ijitokeze, halafu iondoke jibu likirudi. Ukiandika kila badiliko kwa mkono utasahau moja, na siku hiyo jumla itasema 40 wakati masanduku yanasema 41. Hakuna kitu kinachoua imani ya mtumiaji haraka kama jumla isiyojumlika.

Viunzi vya kwanza vilirahisisha ufundi. jQuery ya John Resig, mwaka 2006, iliondoa maumivu ya vivinjari vilivyokuwa vinatofautiana. Ext JS ikaja mwaka 2007 na majedwali, miti na madirisha yaliyokamilika, ukaweza kujenga kwenye ukurasa kitu kinachofanana na programu ya kompyuta. AngularJS ya Google ilitoka 2010, React ya Facebook 2013, Vue ya Evan You 2014.

Hawa wa baadaye wana wazo moja la msingi, kila mmoja na namna yake. Data yote ya ukurasa inawekwa mahali pamoja, tuite hali. Wewe unaeleza tu: hali ikiwa hivi, ukurasa uonekane vile. Ukibadilisha hali, kiunzi kinatafuta chenyewe sehemu gani ya ukurasa ichorwe upya. Hugusi jumla kwa mkono, unabadilisha sanduku moja na jumla inafuata. Kama mama angekuwa na kitabu ambacho akifuta namba moja, jumla ya chini inajisahihisha yenyewe.

Mfano halisi: DHIS2

Huhitaji kwenda mbali kuona haya. Mfumo ambao ripoti za MTUHA za Tanzania Bara zinaingizwa ni DHIS2. Mizizi yake ni Afrika Kusini miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi, wakati mradi wa HISP ulipotengeneza programu ya kwanza juu ya Microsoft Access. Toleo la pili, la kwenye wavuti, lilijengwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo kuanzia katikati ya miaka ya 2000, na kundi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam limekuwa sehemu ya kazi hiyo. Kufikia mwaka 2013 mfumo ulikuwa umesambazwa kwenye wilaya za Tanzania Bara, Ngara na Biharamulo zikiwemo.

Kenya walitangulia kidogo, mwaka 2011. Awali, namna iliyozoeleka ilikuwa kila wilaya iwe na programu na data yake kwenye kompyuta yake, kisha data zikusanywe. Kompyuta ikipata virusi au ikiharibika, data imekwenda. Wakajaribu modemu za simu huko mikoani, wakaona zinafanya kazi vya kutosha, wakaamua kutumia seva moja ya kitaifa. Lakini "vya kutosha" si "wakati wote". Mtandao ulikuwa unakata katikati ya kazi. Ndipo sehemu ya kuingiza data ikaongezewa uwezo wa kuendelea nje ya mtandao, kwa kutumia hifadhi ndogo iliyomo ndani ya kivinjari chenyewe.

Ukiitumia leo utaona. Unaandika namba, unahamia sanduku linalofuata, lile la kwanza linageuka kijani: limehifadhiwa. Hakuna kitufe cha kutuma masanduku yote kwa mpigo. Mtandao ukikata, ujumbe unatokea juu kwamba uko nje ya mtandao na data itakaa kwenye kompyuta. Ukirudi, zilizobaki zinapandishwa. Sharti ni kwamba uwe umefungua fomu angalau mara moja ukiwa na mtandao, ili ipate kuhifadhiwa.

Kwa ndani, sehemu hiyo ya kuingiza data ilijengwa kwa jQuery, na sehemu za chati, majedwali na ramani zilitumia Ext JS. Baadaye wajenzi wakahamia React hatua kwa hatua. Unaona kwamba viunzi vimebadilika lakini wazo la kutompotezea mtu kazi yake limebaki. Ukichagua cha kujifunza, jifunze wazo kwanza.

Andika ndani, kisha tuma

Sasa tufike jikoni. Kanuni ya fomu inayostahili Ngara ni hii: namba ikiandikwa, kwanza ihifadhiwe ndani ya kivinjari, halafu ndipo itumwe. Sio kinyume chake. Kila namba isiyothibitishwa na seva inakaa kwenye foleni. Jibu likirudi, inaondolewa. Ukizima kompyuta, foleni ipo. Umeme ukikatika, foleni ipo.

Inaonekana rahisi, ila ina mitego minne.

Mtego wa kwanza ni kivinjari kukudanganya. Kivinjari kinaweza kuulizwa "tuko mtandaoni?", lakini kinachojibu ni kama kifaa kimeunganishwa na kitu fulani, si kama seva inafikika. Pale Rusumo au Kabanga, mpakani kabisa, simu inaweza kushika mnara wa ng'ambo, ikaonyesha vijiti vyote, na hakuna kinachopita. Njia ya uhakika ni kujaribu kutuma kitu kidogo na kuona kama jibu la seva linarudi ndani ya muda uliouweka.

Mtego wa pili ni kutuma mara mbili. Umewahi kutuma pesa kwa simu, mtandao ukakata kabla ya ujumbe kurudi? Unakaa pale unawaza, nitume tena au itakuwa imekwenda mbili? Fomu ina tatizo hilohilo. Ombi linaweza kufika salama na jibu likapotea njiani. Kivinjari hakijui, kinatuma tena. Kama ujumbe ulisema "ongeza watoto 3 wenye malaria", seva sasa ina 6. Kama ulisema "sanduku hili thamani yake ni 3", hata ukitumwa mara kumi jibu ni 3. Kwa hiyo tuma thamani yenyewe, usitume nyongeza. Pale ambapo nyongeza haiepukiki, kila ujumbe upewe namba yake ya pekee, ili seva ikiiona mara ya pili iseme "hii ninayo" na kuiacha.

Mtego wa tatu ni wote kurudi kwa pamoja. Mnara ukizimika asubuhi na kuwaka saa nane mchana, kompyuta zote zilizokuwa zinasubiri zitakimbilia seva kwa dakika moja, seva inazidiwa, zote zinashindwa, zote zinarudia. Dawa yake: ukishindwa subiri sekunde 2, kisha 4, kisha 8, 16, na kuendelea, halafu ongeza sekunde kadhaa za bahati nasibu ili msigongane mlangoni.

Mtego wa nne ni watu wawili na sanduku moja. Mganga mfawidhi ameandika 14 akiwa nje ya mtandao. Mratibu wa MTUHA wilayani, akiwa na karatasi ya zamani, ameandika 12. Foleni ya mganga ikipanda jioni, ipi ibaki? Mifumo mingi inachukua iliyofika mwisho. Ni rahisi, lakini iliyofika mwisho si lazima iwe iliyoandikwa mwisho, wala si lazima iwe sahihi. Angalau mfumo uweke kumbukumbu ya nani aliandika nini na lini, na uwaonyeshe kwamba namba zao hazilingani. Hapo kiunzi hakikusaidii. Ni uamuzi wa watu, waulizwe.

Gharama ambazo hazitajwi

Kiunzi si bure. jQuery ni takriban kilobaiti 30 ikibanwa, React na sehemu yake ya kuchora ni zaidi ya 40. Hizo si nyingi. Tatizo ni nyongeza: maktaba ya kalenda, ya chati, ya alama ndogondogo, mara umefika megabaiti mbili. Kwa ule mtandao wetu wa kilobiti 100, megabaiti mbili ni sekunde 160. Na kupakua ni nusu ya kazi, kwa sababu simu ya bei nafuu inatakiwa kuisoma na kuitekeleza JavaScript yote hiyo, ikipata joto na kula chaji. Kompyuta ya mjenzi iliyoko Dar es Salaam haitaliona tatizo hili kamwe.

Kwa hiyo gawanya programu vipande, pakia kinachohitajika sasa. Vivinjari vya leo pia vinaruhusu kuweka karani mdogo wa JavaScript kati ya ukurasa na mtandao. Anashika kila ombi linalotoka. Kama faili analo ghalani anakupa palepale, kama hana ndipo anaenda mtandaoni. Kwa njia hiyo programu nzima inafunguka hata mtandao ukiwa haupo kabisa.

Gharama nyingine ni usiri. Ukihifadhi ndani ya kivinjari, umeihifadhi kwenye kompyuta ambayo labda watu wanne wanaitumia. Jumla za MTUHA hazina majina, afadhali. Lakini mfumo wa kumfuatilia mgonjwa mmojammoja una majina na majibu ya vipimo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu na wewe mjenzi. Hifadhi kile tu kinachosubiri kutumwa, kifute kikishathibitishwa, na anayetoka kwenye mfumo asimwachie anayeingia data yake. Ila usimfutie ambayo haijapanda bila kumwonya!

La mwisho, si kila ukurasa unahitaji haya. Tangazo la siku za kliniki ya watoto au orodha ya vituo vya Biharamulo ni maandishi. Ukurasa wa kawaida wa HTML utafunguka kwenye simu yoyote kwa sekunde chache. Kuujenga kwa kiunzi ni kufunga fito za ghorofa kwa ajili ya banda la kuku. Tumia kiunzi pale ambapo mtu anafanya kazi ndani ya ukurasa kwa muda mrefu, na kazi hiyo ni yake, na kuipoteza kunamuuma.

Lakini mtandao si unaboreka?

Kweli unaboreka. Nyaya za chini ya bahari zimeifikia Dar es Salaam tangu mwaka 2009, na mkongo wa taifa wa mawasiliano unafika hadi mipakani, ikiwemo Rusumo na Kabanga, zote za Ngara. Umeme nao: mtambo wa maporomoko ya Rusumo wa megawati 80 unagawanwa na Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia yake ya upande wetu inakwenda hadi Nyakanazi, Biharamulo.

Ila mkongo kupita Rusumo si sawa na mkongo kuingia zahanati ya kijijini. Kati yao kuna mnara, betri ya mnara, bando la mfanyakazi ambalo mara nyingi ni la mfukoni mwake, na mvua. Na hata mtandao ukiwa mzuri asilimia 99 ya muda, ile asilimia 1 kwa siku ya kazi ya saa nane ni karibu dakika 5. Dakika 5 hizo zikiangukia kwenye "Tuma", umerudi kwenye ukurasa mweupe.

Jaribio la dakika tano

Kama unajenga fomu yoyote, ya afya, ya AMCOS ya kahawa au ya shule, fanya jaribio hili kabla hujampa mtu. Ifungue kwenye simu ya bei ndogo. Jaza masanduku matano. Weka simu kwenye hali ya ndegeni. Jaza mengine matano. Funga kivinjari kabisa, zima simu, iwashe, fungua tena ukiwa bado hali ya ndegeni. Masanduku kumi yapo? Washa mtandao. Yamepanda yote, kila moja mara moja tu? Je, mtumiaji ameonyeshwa wazi lipi limefika na lipi bado?

Ikishindwa hatua yoyote, usiseme watumiaji hawajui kompyuta. Rudi ukarekebishe.

Siku ya pili kule zahanati tuliingiza tena, safari hii vipande vidogovidogo kwenye jedwali la kompyuta yangu, tukituma kidogokidogo mtandao ukikubali. Tulimaliza saa kumi jioni. Mama akachukua kitabu chake akakirudisha kabatini na kulifunga kwa ufunguo. Nikamuuliza kwa nini anaendelea kuandika kotekote, kitabuni na kwenye kompyuta. Akanijibu, "Hicho chako kikizoea kutunza kama hiki, nitaacha."

Basi kazi tunayo.